Ubao Ndio Ulionuna

Nyuma ya hospitali kubwa, ukishapita chumba cha jenereta na lile tangi la maji lenye kutu, kuna jengo refu la bati ambalo wagonjwa hawalijui, ingawa wote wamelalia kazi yake. Humo ndimo mashuka yanamofuliwa. Mvuke hutoka madirishani tangu asubuhi, sakafu haikauki mwaka mzima, na ukiingia mara ya kwanza utadhani umetumbukia ndani ya birika. Mwanamke ninayetaka kuwasimulia habari zake amefanya kazi humo miaka ishirini na miwili. Kumi na tisa kati ya hiyo ameshika pembe mbili za shuka, na pembe mbili za upande wa pili zimeshikwa na mtu mmoja yule yule.

Wenzake walimwita Bi Pindo. Alikuwa hakubali shuka likunjwe mpaka pindo lilale juu ya pindo, sawasawa, lisizidi hata kwa unene wa ukucha. Ukikosea hakugombezi. Anakunjua, anakutazama, anasubiri. Wapo wasichana walioomba afadhali awatukane.

Huyo wa upande wa pili aliitwa Kimya, na jina hilo lilitokana na kazi yenyewe. Niwaeleze, maana bila hili hamtaelewa ugomvi wote ulianzia wapi. Kukunja kwa wawili kuna mwendo wake. Kila mtu anashika pembe zake mbili, mnarudi nyuma mpaka shuka likaze, mnalivuta mara moja kwa nguvu ili makunyanzi ya mashine yatoke, halafu mnaliinua usawa wa dirisha. Hapo mnatazama. Mwanga ukipita kwenye kitambaa kila tundu linajitaja, kila doa, kila mchaniko, hata pini aliyoisahau muuguzi. Shuka baya linakwenda kapu la fundi cherehani. Zuri mnalikunja, mnasogeleana, mikono inakutana, mnaachana, mnasogeleana tena. Mkiwa mbali, mashine zinanguruma, hamsikilizani. Mkikutana, mna nafasi ya maneno matano au sita. Kwa hiyo huyo mwenzake alijizoeza kusimulia kwa vipande, akinyamaza katikati, na ndipo wenzake wakamwita Kimya. Kipande kimoja kila mikono ikikutana, hata kama sentensi haijaisha. Habari ya shemeji yake aliyefungiwa nje na mke mpya ilikula mashuka thelathini na mawili. Wengine walichoka njiani. Bi Pindo alikuwa anaijua tangu mwanzo hadi mwisho, na alipokatizwa na kengele ya chai alirudi palepale alipoachiwa.

Mwaka mume wa Kimya alipofariki, alifia wodi ya juu ya hospitali hiyo hiyo, na inawezekana kabisa alifia kwenye shuka walilolikunja wao. Kimya alirudi kazini siku ya kumi na mbili. Bi Pindo alimpa pembe zake mbili, wakavuta, wakainua, wakasogeleana, na mikono ilipokutana Bi Pindo alichelewa kidogo kuiachia. Siku nzima hivyo, shuka baada ya shuka.

Basi, mwanzoni mwa mwaka huu ninaousimulia akaja meneja mpya. Nisimtie chumvi: hakuwa mtu mbaya. Alisalimia, alivaa shati safi, na alikumbuka majina. Lakini alikuja na saa ya kuhesabia sekunde, na mtu mwenye saa ya namna hiyo haachi kuitumia. Alisimama mlangoni siku tatu akitazama wakunjaji kumi na wanne wakikunja mashuka saba kwa mpigo, na akili yake ikafanya hesabu ambayo hata mtoto angeifanya. Watu wawili, shuka moja. Mtu mmoja amelala bure.

Zikaletwa meza kumi na nne zenye vibanio ukingoni. Unabana pembe mbili kwenye meza, unashika mbili, unakunja peke yako. Na kati ya meza na meza kukawekwa ubao mrefu kuliko mtu, ili kila mmoja, alisema meneja, awe na utulivu wa kuzingatia kazi yake. Mwezi wa kwanza idadi ilipanda. Meneja alibandika chati ukutani, mstari unapanda kama ngazi, na chini yake akaandika kwa kalamu nyekundu kwamba anajivunia kila mmoja wao.

Mwezi wa tatu malalamiko yakaanza kumiminika kutoka wodini. Shuka lina tundu la kupita ngumi. Shuka lina doa la dawa. Mama mmoja aliyejifungua alichomwa na pini. Ni jambo jepesi kulielewa ukiwa umesimama pale: shuka lililolala mezani halitazamwi na mwanga. Tundu lililo juu ya meza nyeupe ni jeupe pia. Lakini meneja hakuwa amesimama pale, alikuwa ofisini na barua za malalamiko. Alichokiona ni kwamba watu wale wale, waliokuwa hawakosei, sasa wanakosea. Na si kukosea tu. Waligombana kwa sababu ya kibanio. Wawili waliacha kazi. Mmoja alilia chooni mpaka akapewa ruhusa ya kurudi nyumbani. Kimya, ambaye sasa hakuwa na mtu wa kumpa vipande vyake, alianza kuchelewa, akaanza kukosea kuliko wote, na kufikia mwezi wa tano alikuwa na barua mbili za onyo. Ya tatu ni mlango. Nyumbani kwake kulikuwa na wajukuu wawili walioachwa na binti yake, na hakuna mtu mwingine wa kuwatazama.

Meneja akafikiri, na tumpe haki yake, alifikiri kwa nia njema. Akaona watu wake wamechoka akilini. Akaita mtaalamu.

Mtaalamu alikuwa binti wa miaka kama ishirini na minane, mshauri wa saikolojia ya kazini, mwenye mkoba wa turubai na sauti ya mtu anayemlaza mtoto. Kila Jumatatu na Alhamisi aliwapanga viti duara kwenye stoo ya sabuni, akawaambia wafumbe macho, wavute pumzi wakihesabu nne, waishikilie, waitoe. Siku ya pili tu walishampa jina: Dada Pumua. Alipolisikia alicheka, na kwa kicheko hicho wakampenda kidogo. Mmoja wao alisinzia kila kikao, na Dada Pumua hakumwamsha. Alisema huyo ndiye anayelifuata zoezi kuliko wote.

Aliwapa na madaftari madogo. Kila siku mtu aandike mambo matatu anayoyashukuru. Ukutani, kando ya ile chati ya ngazi, akabandika bango lenye majina ya wale kumi na wawili waliobaki, na bakuli la nyuso za karatasi: za njano zinacheka, za kijivu zimetulia, za buluu zimenuna. Asubuhi unapoingia unabandika uso wako kwenye jina lako. Aliyebandika buluu siku tatu mfululizo anaitwa kuzungumza faraghani.

Wakunjaji wakajifunza haraka. Kuitwa faraghani maana yake ni kuacha meza nusu saa, na meza iliyoachwa inaonekana kwenye hesabu ya siku. Wiki ya pili bango karibu lote lilikuwa njano. Watu waliingia wamekunja nyuso, wakabandika kicheko, wakaenda kwenye ubao wao.

Bi Pindo hakubandika njano. Wala hakubandika buluu kwenye jina lake. Alichukua uso wa buluu, akavuka chumba kizima mbele ya watu, akaubandika kwenye ubao uliosimama kati yake na Kimya, akapiga kofi moja ili ushike. Msimamizi wa zamu akamuuliza anafanya nini.

“Tumeambiwa tubandike kwa aliyenuna,” akajibu. “Mimi sijanuna. Ubao ndio ulionuna.”

Kesho yake akabandika mwingine. Na kesho kutwa. Kufikia wiki iliyofuata ubao ule ulikuwa na nyuso tisa za buluu, na wengine, kwa utani kwanza, halafu bila utani, wakaanza kubandika kwenye mbao zao. Bakuli la buluu likaisha. Dada Pumua akaleta jingine, nalo likaisha, naye akawa anaandika vitu kwenye kijitabu chake bila kusema anaandika nini.

Halafu akalisoma daftari la Bi Pindo la shukrani. Ukurasa wa kwanza uliandikwa: Nashukuru dirisha bado lipo. Nashukuru leo nimeliona tundu kabla halijaenda. Nashukuru ubao una ufa, nimeona jicho moja la mwenzangu. Ukurasa wa pili uliandikwa mambo yale yale. Na wa tatu. Dada Pumua akamwita faraghani.

Bi Pindo aliingia kwenye chumba kidogo cha ushauri akisukuma toroli la mashuka. Kulikuwa na viti viwili, sanduku la karatasi laini za kufutia machozi, na dirisha. Dada Pumua akamkaribisha kwa adabu zote, akamwambia hapa ni mahali salama, anaweza kusema lolote, hakuna atakayejua. Bi Pindo akatoa shuka kwenye toroli.

“Mwanangu, mimi sijui kuzungumza mikono ikiwa mitupu. Kama unataka niseme, shika hapa.”

Yule binti akasita, kisha akaweka kalamu chini, akashika. Alishika vibaya. Bi Pindo akakunjua, akamtazama, akasubiri. Akashika vizuri. Wakarudi nyuma, mgongo wa Dada Pumua ukagonga mlango. Wakavuta. Wakainua usawa wa dirisha, na hapo katikati ya shuka, likiwaka kama taa, kukawa na tundu.

Shuka hilo lilikuwa limeshapita mezani. Lilikuwa limeshakunjwa, lina alama ya kwenda wodi ya watoto.

Walikunja mashuka yote ya toroli, arobaini kasoro moja. Matano yalikuwa mabovu. Na mikono ilipokutana Bi Pindo alisema vipande vyake, kama alivyozoea: kwamba hana shida ya kupumua, kwamba mwenzake ana barua mbili, kwamba mwenzake huyo hajachanganyikiwa akili, amenyang'anywa mtu wa upande wa pili, kwamba ukimfungia mtu nyuma ya ubao halafu ukamfundisha kutulia, umemfundisha kukaa vizuri ndani ya sanduku. Dada Pumua alisikiliza. Aliuliza maswali machache, na yalikuwa mazuri. Mwisho akakaa kitini akinyoosha vidole, maana kazi ile si mchezo kwa asiyeizoea.

Akasema anaelewa, lakini mkataba wake una mipaka. “Mama, mimi nimeitwa kushughulikia watu. Sikuitwa kushughulikia meza.”

“Basi wamekuita nusu,” akasema Bi Pindo, akasukuma toroli lake akatoka.

Wiki ya sita, ya mwisho ya vikao vile, fomu zikagawiwa wakasome nyumbani, watie saini Alhamisi. Fomu ya Ustawi, iliitwa. Ilikuwa fupi. Ilisema: ninakiri kwamba makosa yaliyotokea katika kazi yangu yametokana na hali yangu ya akili na hisia, nimepewa msaada wa kutosha, kosa lolote litakalotokea kuanzia leo ni jukumu langu binafsi. Jina, tarehe, saini.

Bi Pindo aliisoma mara tatu kituo cha basi na mara moja nyumbani, kwa sauti, kwa sababu mumewe asingeisikia vinginevyo. Mumewe alikuwa mchomeleaji mstaafu. Miaka thelathini ya nyundo na mabati ilikuwa imemla masikio, na katika nyumba ile hakuna siri iliyowahi kubaki ndani ya kuta zake. Jua lilikuwa bado halijazama, mzee amekaa kizingitini anafunga kamba kiti kilicholegea, na mkewe anamsomea fomu kwa sauti ya kuuza samaki.

Mzee akasema atie tu saini. Wana binti mmoja amebakiza mwaka shuleni, na karatasi haiumi.

“Yako haikuuma, Baba watoto?”

“Ipi?”

“Ile uliyotia saini. Kwamba masikio yako yalikuwa mabovu kabla hujaajiriwa.”

Mzee aliendelea kufunga kamba. Jirani, kutoka upande wa pili wa ukuta, akasema kwa sauti kwamba ile karatasi hata yeye anaikumbuka, iliuma sana. Bi Pindo akamwambia jirani hakuulizwa. Jirani akasema anajua hakuulizwa, lakini iliuma. Na hapo mzee akacheka, kicheko cha pumzi tu bila sauti, akaweka kiti chini akakijaribu kwa mkono. Alisema siku ile alipotia saini walimpa chai na kumshika bega. Walikuwa wapole sana. Alidhani wapole hawadhulumu. Kisha akasema, bila kumtazama mkewe, kwamba yeye hamshauri tena kitu, afanye linalomkaa moyoni, na hicho kiti sasa kinaweza kukaliwa na mtu mzima.

Jambo lililomkaa moyoni Bi Pindo halikuwa saini yake. Yeye hakuwa na onyo hata moja. Angeweza kutia saini na kuishi nayo. Lakini Kimya akitia saini, tundu la kwanza atakalolipitisha bila kuliona litakuwa limekwishakiriwa kwa mkono wake mwenyewe. Na tundu hilo lilikuwa linakuja. Kwenye zile meza lilikuwa linakuja kila siku. Wiki moja, pengine mbili, na wale wajukuu wawili watakuwa hawana wa kuwalisha.

Alhamisi viti vilipangwa duara kama kawaida. Meneja alikaa kwenye duara naye, ili wasimwone kuwa ni bosi, na akawashukuru kwa safari waliyosafiri pamoja. Dada Pumua alikaa kando ya mlango, kijitabu magotini. Majina yakaanza kuitwa. Wa kwanza akatia saini, wa pili, wa tatu. Kalamu moja ilikuwa inapita mkono kwa mkono. Walipofika wanane, meneja akamwita Kimya.

Kimya akasimama na kalamu. Bi Pindo akasimama naye.

“Bosi, karatasi hii inasema akili zetu ndizo zilizotoboa mashuka.”

“Haisemi hivyo, Bi Pindo. Inasema mmesaidiwa.”

“Nimesaidiwa, sikatai. Huyu binti amenifundisha kupumua. Nilikuwa napumua tangu nizaliwe, lakini si kitu, amenifundisha kwa upole. Lete karatasi ya kumshukuru, natia saini sasa hivi, na mzee wangu nitamleta atie. Hii, hapana.”

Watu walicheka, na meneja akangoja wamalize. Akaeleza kwa utulivu kwamba hakuna anayelaumiwa. Akaeleza kwamba kukubali udhaifu ni hatua ya kwanza ya kupona. Bi Pindo akamuuliza meza nazo zitakubali udhaifu wao lini, kwa sababu naye yuko tayari kuzisikiliza kwa upole. Safari hii hawakucheka. Uso wa meneja ukabadilika, akasema kwa ufupi kwamba asiyetia saini amekataa msaada, na aliyekataa msaada aende nyumbani akasubiri barua.

Kimya akamrudishia meneja kalamu. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kukaa miezi bila kutumika.

“Mimi nikisaini leo, shuka la kesho litanifukuza. Afadhali unifukuze mwenyewe, nikujue.”

Wakatoka wawili hao. Kati ya wale wanane waliokwishatia saini, wawili waliomba kurudishiwa fomu zao, na meneja akalitia faili la fomu kwapani.

Ila hawakwenda nyumbani. Zamu yao ilikuwa inaisha saa tisa na ndiyo kwanza ilikuwa saa nne na nusu. Waliingia chumba cha kukunjia, wakashika meza mbili huku na huku, wakaziburuta mpaka ukutani, na ule ubao wenye nyuso za buluu wakaulaza chini. Halafu Bi Pindo akaenda kwenye rundo la mashuka yaliyokuwa tayari, yamepangwa kwa wodi, yanasubiri kuchukuliwa. Akalikunjua la juu. Kimya akashika pembe zake.

Meneja alipowakuta walikuwa wamefika la kumi. Akasema aliwaambia waende nyumbani. Bi Pindo akamjibu shuka likiwa juu, bila kumwangalia, kwamba ataondoka saa tisa kama ilivyoandikwa kwenye barua yake ya ajira, ambayo hiyo aliisaini kwa hiari yake. Meneja akatafuta mtu wa kumsaidia. Wakunjaji walikuwa wamerudi kwenye meza zao na kila mmoja ana jambo la haraka la kufanya na kibanio. Akamgeukia Dada Pumua, akamwambia aandike kwamba wafanyakazi wawili wamekataa huduma.

“Nitaandika nilichokiona,” akasema yule binti. Akavuta kiti, akakaa kando ya kapu la fundi, akaanza kuhesabu.

Hakuna aliyewaondoa. Ni jambo gumu kuwaondoa wanawake wawili wenye umri wa mama yako waliotandaza shuka kati yao. Huna pa kupita. Saa tisa ilipogonga walikuwa wamepitia mashuka mia moja sitini, yote yaliyokuwa yamehesabiwa kuwa mazima. Kwenye kapu la fundi yalikuwemo ishirini na matatu. Dada Pumua akayahesabu mara mbili, akaandika, akafunga mkoba wake wa turubai.

Barua ya tatu ya Kimya iliandikwa kesho yake asubuhi. Hilo ni kweli, na yeye aliiona mezani ikiwa na jina lake. Lakini ripoti ya Dada Pumua ilikuwa imeshatangulia, na haikwenda kwa meneja peke yake. Alikuwa ametuma nakala kwa muuguzi mkuu, ambaye kwa miezi minne alikuwa anatukanwa na ndugu wa wagonjwa kwa sababu ya mashuka. Yaliyosemwa ofisini siku hiyo hatukuyasikia. Tunajua tu kwamba barua haikutolewa. Haikuchanwa pia. Iko kwenye faili, na Kimya anajua iko kwenye faili. Bi Pindo naye alipata yake, onyo la kwanza katika miaka ishirini na miwili, kwa kuhamisha samani bila kibali.

Wiki mbili zikapita hivyo, wawili hao wakikunja mwisho wa chumba, bila aliyewaruhusu na bila aliyewazuia. Siku moja jozi nyingine ikalaza ubao wake. Baadaye nyingine. Idadi ilishuka kwenye ile chati, malalamiko yakashuka zaidi, na ikafika asubuhi ambayo kijana wa matengenezo alikuja na bisibisi kuziondoa mbao zilizobaki, akakuta wakunjaji wameshaziondoa.

Mwishoni mwa mwezi meneja akaja na Dada Pumua na fomu mpya. Alikuwa na uso wa mtu aliyepata usingizi. Akatangaza kwamba, kutokana na utafiti uliofanyika papa hapa, kazini kwao, uongozi unaanzisha Programu ya Ustawi wa Wawili Wawili, itakayopunguza msongo na kuinua ufanisi, na kwamba Bi Pindo ameteuliwa kuwa wa kwanza kujiunga. Fomu ilisema mfanyakazi anaomba kwa hiari yake kupewa tiba ya kukunja na mwenzake kwa miezi mitatu, baada ya hapo hali yake itatathminiwa.

Dada Pumua alikuwa anatazama viatu vyake. Bi Pindo aliisoma fomu yote, na nyuma yake, ambako hakukuwa na kitu. Akamrudishia meneja.

“Sijaomba tiba. Shuka lina pembe nne na mtu ana mikono miwili. Hilo nalo linataka saini?”

Meneja akamwambia, kwa kubembeleza sasa, kwamba ni utaratibu tu, kwamba bila fomu programu haiwezi kuhesabika kuwa imeanza. Bi Pindo akamwambia basi isianze. Kimya alikuwa ameshashika pembe zake na anangoja. Meneja alisimama na kalamu mkononi muda wa shuka zima, kisha la pili, akihamisha uzito mguu huu na ule kila walipomsogelea. Ilipofika la tatu aliwapisha.

Fomu hiyo iliachwa kwenye dirisha. Ina nafasi ya jina, ya tarehe na ya saini, na zote tatu bado ni nyeupe.